Jangwa la Afishi: Nani Aliondoa Watu Kando ya Reli?

Bandugu wahitimu, na ninyi mnaoendelea na masomo,

Kwa miezi hii michache magrupu yetu ya WhatsApp yamejaa afishi za zamani za reli. Mmeziona: treni ndogo nyeusi, mbingu ya rangi ya chungwa, mchanga au miamba mikubwa, herufi nene chini na jina la kampuni. Wengine wamezifanya picha ya profili. Wengine wamezichapisha kwenye karatasi ngumu, wamezitundika saluni. Chini yake maoni ni yaleyale: "Zamani watu walijua kuchora", "Amani tupu", "Ningependa kufika fasi kama hii, hakuna mtu, hakuna kelele".

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mimi lisansi yangu ni ya agronomia, si ya sanaa, na sitaki kumnyang'anya mtu picha yake. Lakini kazi tuliyofundishwa ni kutazama ardhi na kuuliza: nani anaitumia, kwa majira gani, maji yako wapi, mimea hii inasema nini juu ya jana ya fasi hii? Ukiziuliza afishi hizo maswali hayo, mengi yanafunguka. Nyingine ni nzuri kweli kweli. Ila ule utupu tunaoupenda ndani yake haukutoka kwenye ardhi. Ulitengenezwa mezani, na aliyelipa mchoraji alikuwa na hesabu yake.

Tuanze na uzuri, juu ni haki yake. Afishi ya reli ilitundikwa fasi ambapo mtu anapita haraka, mzigo mkononi. Ilikuwa na sekunde chache tu za kumshika. Tena ilichapwa kwa litografia, ambapo kila rangi ilihitaji jiwe au bamba lake, na kila bamba ni gharama. Kwa hiyo mchoraji mzuri alijifunza kupunguza: rangi nne au tano, vivuli vya zambarau, mstari wa upeo chini kabisa ili mbingu ichukue karatasi karibu yote. Jangwa lilifaa sana kwa kazi hiyo. Msitu wetu wa kaskazini ya Maniema ungewashinda, una kijani cha aina mia, hakuna fasi ya kuweka herufi. Jangwa linakubali rangi bapa, na njia ya reli inakuwa mstari pekee ulionyooka kwenye karatasi. Jicho linaufuata lenyewe. Hapo hakuna uchawi, ni ufundi wa watu waliojua kazi yao.

Tazama sasa mfano mmoja uliozunguka sana, ingawa huo si wa rangi bapa: Grand Canyon ya Arizona, ya Thomas Moran. Moran alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Mwaka 1892 kampuni ya reli ya Santa Fe ilimgharamia safari ya kwenda kwenye bonde lile, nayo ikapata haki ya kuzalisha picha yake kwa chapa za matangazo. Reli yenyewe ilifika ukingoni mwa bonde mwaka 1901, na mwaka 1905 ikafunguliwa hoteli ya El Tovar palepale. Picha nyingine maarufu ya Moran, ya mwaka 1912, inayotazama bonde kutoka upande wa Hermit, nayo ilichapwa na kusambazwa na Santa Fe. Miti ya misonobari iko ukingoni, chini mawe yenye mwanga wa rangi ya asali, ukungu unapanda kutoka kilindini. Nikiitazama napunguza pumzi, sioni aibu kusema hivyo. Inampa mtu hisia ya kufika mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye, na ni picha chache sana za matangazo zinazoweza hilo.

Mtu hayumo. Hata mmoja.

Lakini ndani ya bonde hilohilo, chini kwenye chemchemi, Wahavasupai walikuwa wakilima mahindi, maharagwe na maboga kwa maji ya mifereji. Naomba wenzangu wa agronomia wasome sentensi hiyo mara mbili. Katika "jangwa" la afishi mlikuwa na kilimo cha umwagiliaji. Mwaka 1882 serikali ya Marekani iliwabanisha watu hao katika kipande cha eka 518 tu. Bustani yao nyingine, iliyo kwenye njia ya kushukia bondeni, ikapewa jina la Indian Garden, na mtu wao wa mwisho aliondolewa pale mwaka 1928. Watalii waliendelea kupumzika chini ya kivuli cha fasi ile bila kujiuliza nani alianza kuituliza kwa maji.

Mtu ataniambia: lakini Santa Fe ilichora Wahindi Wekundu mara nyingi, tangu 1907 walikuwemo kwenye kalenda zake. Kweli. Walikuwemo wakiwa wamekaa, wamejifunika blanketi, wanatazama mbali. Au wakiwa wanafinyanga vyungu, kama pale Hopi House, jengo lililosimamishwa kando ya hoteli mwaka 1905 ili wasafiri wanunue kazi za mikono kutoka kwa Wahopi wenyewe. Katika zile nilizoziona, sijakuta hata moja inayomwonyesha mtu wa pale akilima shamba lake. Mtu anayeuza chungu hamtishi mnunuzi wa ardhi. Mwenye shamba anamtisha, juu lazima umwombe ruhusa.

Na ardhi ilikuwa inauzwa. Mwaka 1866 Bunge la Marekani liliahidi kampuni ya Atlantic and Pacific vipande vya ardhi pande zote mbili za njia yake, na baadaye Santa Fe ikairithi njia ile. Kampuni ya reli haikuwa mbeba abiria tu. Ilikuwa pia mwenye ardhi anayetafuta wateja. Ukishajua hilo, ukungu wa Moran unabaki mzuri, lakini unajua pia unafunika nini.

Sasa turudi karibu na nyumbani, Afrika ya Mashariki. Afishi ninayoiona yenye maana kuliko zote kwetu si nzuri hata kidogo. Ni ya Uganda Railway, ya miaka ya 1908 hivi. Imejaa: wanyama wamesongamana, maneno mengi, hakuna mbingu ya kupumzikia. Inawaambia matajiri wa Ulaya kwamba kukaa majira ya baridi katika nyanda za juu za British East Africa sasa ni mtindo wa watu wa ukoo bora, kwamba wawindaji wanakuja kwa starehe, na kwamba mabehewa ya kutazamia yanapita katikati ya hifadhi kubwa ya wanyama kuliko zote duniani. Inachekesha, na mchoraji alijua inachekesha. Ukiiweka karibu na Moran inaonekana kama ubao wa duka. Ila kama ushahidi, naichagua hii kwanza.

Kumbukeni reli hiyo ilikuwa nini. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Ziwa Victoria mwisho wa 1901. Zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Iliigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni tano, na baada ya kwisha ikaonekana haina mzigo wa kutosha wa kubeba. Charles Eliot, aliyekuwa kamishna mpaka 1904, alitaka walowezi wa kizungu waje walime nyanda za juu ili reli ilipe. Hapo ndipo matangazo yanapata kazi yake. Reli inatafuta watu wa kuweka kando yake. Lakini kando yake kulikuwa na watu tayari.

Mwaka 1904 viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele, walitia alama zao kwenye mkataba na serikali ya Kiingereza. Kwa mkataba huo Wamaasai walikubali kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, wakae katika maeneo mawili ya akiba. Na karatasi yenyewe inataja sababu: wakae mbali na njia ya reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa Wazungu. Si maneno yangu mimi mtu wa karne hii mwenye hasira, yamo kwenye mkataba. Iliahidiwa kwamba makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Laikipia, eneo lao la akiba la kaskazini, wakasukumwa kusini na mifugo yao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa.

Afishi inaingia hapo katikati, baina ya 1904 na 1911. Msafiri wa daraja la kwanza anatazama dirishani, anaona nyasi, twiga na swala, anasema: tazama nchi ilivyo tupu, Mungu aliiumba juzi. Miaka minne tu nyuma fasi ile ilikuwa na ng'ombe, na maboma, na watoto wachungaji. Mtu wa agronomia anajua zaidi: malisho yale mazuri yanayovutia swala hayakujitengeneza. Mchungaji anayechoma nyasi kwa wakati wake na kuhamisha ng'ombe kwa majira anashiriki kuyatengeneza. Kwa hiyo "hifadhi ya asili" iliyouzwa kwenye afishi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya watu waliokuwa wamekwisha kuondolewa dirishani.

Na ilifanya kazi vizuri sana. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone wanyama bila kizuizi. Rais mzima kageuka abiria wa afishi.

Jambo moja linanishangaza kwenye afishi hiyo: jangwa lenyewe imeliruka. Treni ikitoka Mombasa, kabla ya kuona nyanda zozote za juu, inapita nyika ya Taru, nchi kavu ya vumbi jekundu na miiba, ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kiu. Wazungu wakaiita jangwa. Mimea ya pale, mikasia ya miiba na miti ya jamii ya Commiphora, inapukutisha majani yote wakati wa ukame, unaapa imekufa. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache tu kila kitu ni kijani. Wataita, Waduruma, Wakamba, na wawindaji Wawaata, kila mmoja alikuwa na fasi yake na majira yake humo. Hakuna mtu aliyehitaji kuwachora, kwa sababu hapakuwa na chochote cha kuuza pale. Ndiyo hali ya nchi kavu mikononi mwa kampuni: ikiwa na soko inakuwa bustani ya wanyama, ikikosa soko inapitwa usiku mapazia yakiwa yamefungwa.

Lakini someni mbao za stesheni za njia ileile. Maji ya Chumvi. Taru. Maungu. Voi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ramani kuelewa Maji ya Chumvi: mtu alifika na kiu, akaonja, akatema, akawaachia habari wanaofuata. Jina moja la stesheni lina taarifa za ardhi kuliko karatasi nzima ya rangi. Linganisheni na Sudani. Mwaka 1897 jeshi la Kitchener lilinyoosha reli kukata jangwa la Nubia kutoka Wadi Halfa mpaka Abu Hamed, na stesheni za katikati zikapewa namba tu, moja mpaka kumi. Maji yalichimbwa yakapatikana namba nne na namba sita. Mhandisi yuleyule aliyetegemea visima hivyo ili injini isife hakuona haja ya kuuliza kama jangwa lina jina. Namba zile ninaziona kama afishi nyingine, ila isiyo na rangi.

Kuhusu Afrika ya Kusini nitasema kidogo tu, ingawa kuna wenzetu wanaompenda sana Pierneef. Shirika la reli lilimpa kazi mwaka 1929, naye akachora paneli 32 za stesheni kubwa ya Johannesburg, zikawekwa mwaka 1932. Milima, mbingu na miti imepangwa kama jengo, kila kitu kimetulia, na watu karibu hawapo kabisa. Kwa ufundi yeye ni bwana. Kwangu ni baridi mno. Nchi iliyokwisha kupitisha sheria ya ardhi ya 1913, iliyomkataza Mwafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi yake, ikatundika stesheni yake picha za nchi isiyo na mtu. Abiria Mwafrika aliyeingia stesheni ile alikuwa anaonyeshwa kwao bila yeye.

Mwenzetu mmoja aliniandikia katika grupu: "Docta wa udongo, acha afishi ipumzike. Ni tangazo. Tangazo la sabuni nalo halionyeshi uchafu wote." Hoja yake ina uzito, na kweli afishi haiwezi kuwa ripoti. Mchoraji lazima achague. Tatizo linaanza pale ambapo chaguo la mchoraji na chaguo la sheria linakuwa lilelile, mwaka uleule, kwa faida ya kampuni ileile. Sabuni haijawahi kumhamisha mtu kijijini.

Na hapa tunafika kwetu, maana mtu wa Kasongo au Kabambare anaweza kusema hizo ni habari za Wamaasai na Wamarekani. Tarehe 1 Julai 1885 dola ya Leopold II ilitoa tangazo kwamba ardhi zote zisizo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani aliamua ipi haina mwenyewe? Yule aliyezitaka. Shamba lililopumzika, fasi ya kuwinda, mto wa kuvua, msitu wa mizimu, vyote vikahesabiwa kama hewa. Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya CFL, ya Empain, ya kujenga reli za kuunganisha mto wetu na Maziwa Makuu. Pamoja na haki ya kujenga, iliahidiwa hekta milioni nne za ardhi na madini yake. Milioni nne! Hizo ni kilometa za mraba 40,000, na hakuna aliyewauliza wenyeji. Sehemu ya haki hizo ndiyo iliyozaa baadaye, mwaka 1928, lile shirika la Comité National du Kivu. Reli ya Kindu mpaka Kongolo, inayopita Kibombo kwenye ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, ilifunguliwa 1911. Mwaka uleule wa mkataba wa pili wa Wamaasai. Sidai kuna mtu aliyepanga tarehe hizo pamoja. Nasema tu kwamba kampuni za reli za wakati ule zililipwa kwa sarafu moja, na sarafu hiyo ilikuwa ardhi ya watu iliyoandikwa kuwa tupu.

Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 nayo iliweka ardhi yote mikononi mwa dola, na kuhusu ardhi za jamii za vijijini ikasema haki zao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Tuliosoma tunajua ordonansi hiyo ilingojewa miongo mingapi. Katika kungojea huko, neno "tupu" linabaki na nguvu ya kufukuza mtu.

Ndiyo maana ile afishi nyingine iliyozunguka hivi karibuni ilinikera kuliko zote. Mmeiona: KASONGO kwa herufi kubwa, treni ya moshi, vilima vya mchanga, ngamia wawili na mtende. Imetengenezwa na kompyuta, hiyo akili bandia, na imepata mioyo mingi kuliko tangazo la mkutano wetu mkuu. Kasongo haina jangwa. Reli haijafika Kasongo mpaka leo, lazima uvuke Lualaba ndipo uikute, na mtu wa Kabambare ana safari ndefu zaidi. Ngamia je? Kompyuta imesikia kwamba Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip, ikafikiri Waarabu, ikafikiri ngamia. Misafara ile ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, kwa sababu katika nchi yenye mbung'o mnyama wa mizigo haishi. Kwa hiyo kompyuta imewafuta wapagazi, ikaweka mnyama. Imefanya kwa dakika moja jambo lilelile walilofanya wachoraji wa kampuni, na bila hata kulipwa.

Wale watu wa pwani na wafuasi wao walituachia nini kwenye udongo? Mpunga. Mwembe. Mpaka leo ukikuta miembe mikubwa imepangana porini pande zetu, simama, hapo kulikuwa na njia au mji. Ukikuta michikichi mingi imekusanyika katikati ya nyasi, uliza wazee, watakuambia kijiji kilichokuwa pale na kwa nini kilihama. Hiyo ndiyo maktaba yetu, inasomeka bila intaneti.

Sasa sikilizeni kitu kinachonitia wasiwasi. Nimeona hati ya mradi, siutaji ni wa nani, yenye picha za savana ya Kabambare zilizopigwa mwezi wa nane. Nyasi za manjano mpaka upeo, mbingu kubwa, hakuna mtu. Mpangilio ni uleule wa afishi: mstari wa upeo chini, barabara moja imenyooka katikati. Chini yake imeandikwa kwa Kifaransa kwamba ni eneo lisilotumika. Nilikuza picha kwenye telefoni. Upande wa kushoto, ndani ya nyasi, kuna mashina ya muhogo, ni shamba la mwaka wa pili linalongoja kung'olewa. Zile nyasi ndefu ni za kuezekea, watu wanazikata kwa zamu. Na pale penye Imperata nyingi, mtu wa agronomia hasemi "tupu". Anasema hapa pamelimwa na kuchomwa mara nyingi, udongo umechoka, mwenyewe ameupumzisha. Kwa nini hakuna mtu kwenye picha? Kwa sababu mwezi wa nane saa saba mchana mtu mwenye akili yuko kivulini, au mtoni Luama, au amekwenda kuchimba. Mpiga picha alifika saa ambayo kijiji hakiko barabarani, akapanda juu ya gari, akapiga.

Aliyepiga picha ile si Mbelgiji wa 1902. Ni mmoja wetu, ana lisansi kama mimi. Hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka picha nzuri, na jicho lake limekwisha kufundishwa kwamba ardhi nzuri ni ile isiyo na mtu. Fasi gani alifundishwa? Kalenda, sinema, ukurasa wa kwanza wa kompyuta, na hizi afishi tunazotumiana usiku tukiandika "amani tupu".

Mtu akiniuliza nitundike ipi, nitamjibu bila shida: Moran, juu ni mchoraji mkubwa, na ile ya Uganda Railway, kwa sababu ya kicheko chake na tarehe yake. Pierneef nitamwachia mwenye ukuta mkubwa. Ile ya ngamia wa Kasongo ifutwe kwenye grupu, na aliyeitengeneza, kama anasoma hapa, arudie kazi. Aweke wanawake wanaopepeta mpunga, moshi wa mashamba ya mwezi wa nane, baiskeli zilizobeba mafuta ya mawese mpaka hazionekani, na pirogi ya kuvukia kwenda upande wa reli. Atapata shida ya fasi ya kuweka herufi.

Na wale tunaoandika hati: kabla ya kuandika neno "tupu" chini ya picha, tuulize jina la pale. Kule Arizona ile bustani iliyoitwa Indian Garden ilibadilishwa jina mwaka 2022, sasa kwenye ramani rasmi ni Havasupai Gardens. Imechukua miaka 94 tangu mtu wa mwisho aondolewe.